Nani Kaandika, Kapimia Wapi?

Siku niliyofuatana na Mhina kwenda Maramba kwa baba yake haijanitoka akilini, mwanangu, na tasnifu yako hii uliyoniletea niisimamie imenirudisha kule kule. "Tafiti zinaonyesha." Tafiti zipi? Za nani? Nimeishia ukurasa wa pili, nimechoka! Hebu weka hiyo simu chini unisikilize.

Mhina nilisoma naye chuo cha kilimo. Mwepesi wa kusoma, mzito wa kuuliza, kama wewe. Aliona mtandaoni makala iliyosifu dawa mpya ya kuua nzi wanaotoboa machungwa. Ilijaa majedwali, na jina la mwandishi limetanguliwa na Dokta. Kwake yakaisha. Akampigia baba yake simu: "Baba, ipige dawa hiyo miti yote, wataalamu wamethibitisha."

Mzee akapiga shamba zima.

Tulipofika, maua yalikuwa yamepukutika, majani yamejikunja kama yaliyobabuliwa na moto. Mhina akaanza kuieleza ile makala, eti imeandikwa na msomi. Baba yake hakumgombeza. Heri angemgombeza! Alisema tu, "Mimi makala siijui. Niliyemwamini ni wewe." Mhina akalia, wadogo zake wanamtazama.

Tukarudi chuoni kwa msimamizi wetu, Mwalimu Singano. Hata shikamoo zetu aliziitikia juu juu. Akaifungua makala mbele yetu.

"Dawa ilijaribiwa wapi?"

Mhina akanitazama mimi.

"Kwenye miche ya vyunguni, nchi ya baridi. Imeandikwa hapa. Nani kaulipia utafiti?"

Mhina akainama kuutafuta mstari huo.

"Muuza dawa. Nayo imeandikwa. Na jarida lenyewe linachapisha chochote, mradi umelipa. Mhina, hapa hukufichwa kitu. Hukusoma!"

Miti ilikuja kuchanua tena, alhamdulillahi. Ila tangu hapo mzee akitaka ushauri wa shamba alimwendea bwana shamba, na mwanawe mwenye shahada yupo hapo hapo nyumbani.

Sasa nawe, mwanangu, unaniandikia kwamba majani fulani yanashusha sukari, na ukimwuliza mtu hapa Makorora, kila nyumba ina mgonjwa wa sukari. Unajua wakiacha vidonge wakafuata majani yako itakuwaje? Basi mjue mwandishi, na kama hayo ndiyo aliyosomea. Tazama kapima nani, wangapi, wapi, na nani kamlipa. Uliza kama wenzake waliipitia makala yake kabla haijachapishwa, na kama wengine walijaribu wakapata alichopata yeye. Isome mpaka mwisho, usidokoe muhtasari ukakimbia nao. Na usipoelewa, andika kwamba hujui. Hakuna atakayekufukuza kwa hilo.

Haya, chukua karatasi zako ukaanze upya. Mwenyezi Mungu akufungue akili, akupe subira ya kutafuta, na kila atakayelishika neno lako asije akajuta kukuamini. Amina.