Chupa za Mvua Nilizoziosha kwa Ndimu

Hili nalisema mara moja tu, na mkicheka, mnicheke taratibu. Miaka ile sabuni ilikuwaga ya kupanga foleni, alikuja kwetu Nyegina mtafiti mmoja, Mwalimu Joas, kuchunguza kwa nini vyura wa bondeni wanapungua, akanichukua nimsaidie. Asubuhi tunahesabu mayai ya vyura majini, mvua ikinyesha tunaikinga kwenye chupa, naye anaipima kwa vikaratasi kama ina tindikali (moshi wa viwanda unapanda mawinguni, alisema, na chura anakunywa kwa ngozi, ndiyo maana anaumia kwanza). Niliipenda kazi ile jamani. Akaniahidi nikifanya vizuri ataniombea ajira ya kudumu, basi nikawa natembea kijijini najiona mtu wa maabara.

Siku moja nikaona chupa zimeingia ukungu, sabuni hakuna, nikafanya kama tunavyofanyaga vyombo vilivyopikiwa samaki, nikazisugua kwa ndimu, na sikuzisuuza, ili zinukie (si nilitaka sifa). Mvua ikanyesha, kikaratasi kikawa chekundu, Mwalimu akaitisha mkutano, akawaambia watu mvua yetu ina tindikali, na kabla hajamaliza Mama Nyanjura, jirani yetu, ameshakimbia kumwaga pipa lake zima la maji ya mvua.

Mzee mmoja akaleta ndoo yake ya mvua ile ile. “Pima na haya kwanza.”

Kikaratasi hakikubadilika. Mwalimu akanigeukia mbele ya watu wote.

“Chupa uliosha na nini?”

“Ndimu, Mwalimu.”

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Nyanjura, ameshatoka kumwaga, hakucheka. “Pipa langu utalijaza wewe, kutoka ziwani, kwa kichwa chako.” Nikalijaza, siku mbili.

Mwalimu hakunifukuza, alisema ndoo moja haitoshi, tutarudia mvua ikija. Tukangoja wiki tatu za jua kali, kibali chake kikaisha, akaondoka, na ile ajira hakuitaja tena. Kesho yake mvua ikanyesha. Niliikinga peke yangu kwenye chupa safi, nikachovya kikaratasi kimoja alichokisahau. Hakikubadilika. Kwa hiyo mvua haikuwa na kosa, vyura walikuwa wanamalizwa na kitu kingine, na mimi anwani yake sikuwa nayo.

Tangu hapo chombo cha kazi ya mtu sioshi mpaka niulize. Ila kikaratasi kile ninacho bado, na miaka yote hii natamani Mwalimu arudi nimwonyeshe.