Siku Mthamini Alipogonga Kuta Zetu

Tulipoamua kuuza nyumba yetu ya Kalangalala, mnunuzi alikuwa anakopa benki, na benki ikamtuma mthamini. Asubuhi hiyo mume wangu alitundika mapazia mapya sebuleni. Mthamini, dada mmoja mcheshi, alipoyaona akacheka.

"Baba, mapazia mtahama nayo. Mimi naangalia kiwanja, kuta, paa, na bei ya nyumba za jirani zilizouzwa karibuni."

Akapima vyumba, akagonga kuta, akauliza nani alijenga.

"Mimi na mke wangu," mume wangu akajibu. "Hata tofali tulifyatua wenyewe."

"Mlijenga hasa!"

Siku chache baadaye mnunuzi akapiga simu: thamani imefikia bei tuliyopatana, na benki imekubali. Tukacheza sebuleni hadi majirani wakaja kuuliza nani anaoa.