Kuzivisha Mbao Spika za Baa

Mjomba wangu alipofunga baa yake karibu na stendi ya Karatu na kuhamia Arusha, aliniachia spika mbili kubwa, kila moja ikinifika kiunoni. Wenzangu hurithi shamba. Mimi nilirithi maboksi mawili meusi yanayonuka bia, yenye makovu ya sigara kila upande na duara la kila chupa iliyowahi kuwekwa juu yake. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naishi na mama katika nyumba ya vyumba viwili, na sikuwa hata na pa kuziweka. Lakini nilizipokea siku ileile, kwa sababu nilijua nazitakia nini.

Mama alikuwa anapoteza usikivu. Alinileta Karatu kutoka Kilimanjaro nikiwa mdogo, akawa dobi, akanisomesha kwa kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni. Masikio yalipoanza kumwacha hakumwambia mtu. Alianza tu kuitikia "ndiyo" kwa kila jambo. Ukimuuliza chai au uji, anasema ndiyo. Kanisani alikuwa akiimba mstari mmoja nyuma ya wenzake, na Jumapili moja wasichana wa benchi la nyuma wakamcheka. Kicheko hakukisikia, ila aligeuka akawaona. Wiki iliyofuata akasema mgongo unamuuma, na huo mgongo ukaendelea kuuma kila Jumapili kwa karibu mwaka mzima. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini nani angethubutu kumwambia mama yangu hivyo? Nilimwona akinyamaza siku baada ya siku, na niliogopa kwamba atanyamaza moja kwa moja.

Kanisa letu lilikuwa na jenereta, na kwaya ilikuwa na amplifaya kuukuu na maiki moja. Spika hazikuwepo. Mchungaji alikuwa na sauti ya upole, na upepo wa Julai ukishaanza kutikisa mabati, hata mwenye masikio mazima alirudi nyumbani na nusu ya mahubiri. Nikamwendea mzee wa kanisa, nikamwambia nina spika za kutoa bure.

"Mwalimu, hizo spika kila mtu hapa anazijua," akasema. "Na waliozijua zaidi wanaimba besi kwenye kwaya."

"Zimetubu," nikamwambia.

Hakucheka. "Watu watakaa wanaangalia madoa badala ya kusikiliza neno. Na lile tundu la mbele wanalotupia vipisi vya sigara, mimi mwenyewe nimeliona." Hapo akakohoa, nami kwa adabu sikumuuliza aliliona lini. "Ukiweza kuzifanya zisijulikane kabisa zilikotoka, zilete Jumapili ya mavuno. Zikibaki na alama hata moja, usijisumbue."

Jumapili ya mavuno ilikuwa wiki tatu mbele. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na mimi nikikasirika hufanya kazi vizuri sana.

Jirani yetu alikuwa seremala, Mwiraqw wa kijiji cha Buger, na wakati huo alikuwa anapamba kuta za loji mpya ya watalii iliyokuwa ikijengwa njia ya kwenda geti la kreta. Ndiye aliyeniletea mabaki ya vinia, yaani mbao iliyochanwa nyembamba kama ganda la kitunguu, unayoibandika juu ya mbao ya hovyo ikaonekana ya maana. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na mistari myeusi iliyopinda. Alisema mti wake unatoka Kongo, au mbali zaidi, yeye hakuulizwa maoni. Akanionya kwamba hakuna nyingine. Nikiharibu, nimeharibu.

Nilifungua skrubu, nikatoa spika zenyewe, nikabaki na maboksi matupu. Kwenye lile tundu la mbele, lenye upana wa mdomo wa kikombe, nilitoa vizibo vya bia, vipisi vya sigara, na kitana. Nikakwangua rangi nyeusi kwa msasa siku nne, baada ya kusahihisha madaftari, mpaka mkojo wa mbuzi wa jirani ukawa unanukia vizuri kuliko nywele zangu zilizojaa vumbi la rangi na bia. Makovu ya sigara niliyajaza kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi.

Yale matundu mawili ndiyo yaliyoniuma roho. Niliyaona kuwa aibu yenyewe ya baa, kana kwamba walevi waliyatoboa kwa kisu. Nikakata vipande viwili vya plaiwudi kwa duara, nikayaziba navyo kwa gundi, nikapiga msasa mpaka kidole hakikujua tundu lilikuwa wapi. Nilijisifu peke yangu jikoni.

Seremala alinielekeza namna ya kubandika. Unapaka gundi nyeupe kwenye boksi na nyuma ya vinia, unaiacha ikauke, kisha unaweka kitambaa juu na kupiga pasi. Joto linaamsha gundi, inashika. Kwa hiyo nikatia mkaa kwenye pasi ya mama, nikaanza. Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Alinitazama kidogo tu, akasimama, akaninyang'anya pasi.

"Hivyo ndivyo nilivyokufundisha kupiga pasi?" akasema. "Unasugua kama unafuta ubao."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizomsikia mwezi ule.

Basi kazi ikawa ya watu wawili. Mimi nilikata vinia kwa wembe na kupanga mistari ya boksi moja ielekeane na ya jingine. Yeye alipiga pasi, akianzia katikati kwenda pembeni, polepole, akisukuma hewa itoke. Mimi nilikuwa nagonga kwa ukucha kusikiliza palipobaki uwazi, lakini mama alipitisha kiganja tu, akasema "hapa," na kweli hapo palikuwa na kipovu. Mistari ya ule mti wa mbali ilitanda mbele yetu, tukapaka vanishi mara tatu, na vumbi jekundu la barabara kuu likaingia kwenye mpako wa kwanza, tukaukwangua tukarudia. Ziling'aa. Nilitaka kuwaita majirani wote.

Alhamisi jioni akaja fundi redio wa kwaya na ile amplifaya, redio ya kaseti na betri ya gari. Tukazirudisha spika ndani ya maboksi, tukaunganisha, akaweka kaseti. Sauti ikatoka kama ya mtu anayehutubia akiwa amefunikwa blanketi.

Mama alikuwa anatutazama nyuso. "Vipi?" akauliza.

"Safi, mama!" nikapaza sauti.

"Usinidanganye. Nimeacha kusikia, sijaacha kuona."

Fundi alizunguka maboksi, akayapapasa mbele, akashika kiuno. "Mwalimu, tundu liko wapi?"

"Nimeliziba."

"Umeziba! Hiyo ndiyo pua yake. Boksi linapumulia pale, ndipo sauti nzito inapotokea. Lilitoka nalo kiwandani."

Nilikaa chini palepale kwenye kigoda. Kila siku naandika ubaoni kwamba kuuliza si ujinga, na mimi sikumuuliza mtu hata mmoja, kwa vile mzee wa kanisa alisema ni tundu la sigara, na mimi nikaona haya kwa niaba ya familia. Vinia ilikuwa imekwisha. Ukiitoboa ikichanika, boksi linabaki na kidonda kibaya kuliko doa lolote la baa, na zilikuwa zimebaki siku mbili. Nikamwambia fundi tuziache hivyohivyo, angalau zinapendeza.

Mama alinivuta mkono nimweleze. Nilimweleza karibu na sikio, neno kwa neno, mpaka akaelewa.

"Sasa zinapendeza kwa nani?" akasema. "Toboa."

Alileta kikombe cha chai, akakigeuza, akachora duara mwenyewe kwa penseli. Nilikata vinia na kile kipande cha plaiwudi kwa pupa, na boksi la kwanza likachanika upande mmoja, mchaniko wa urefu wa ukucha. Mama akapaka gundi kwa njiti, akaurudisha mchaniko mahali pake, akaukandamiza kwa ncha ya pasi. La pili nilililowesha kidogo kabla ya kukata, likatoka safi. Fundi akaweka tena kaseti, na safari hii vikombe vililia kabatini.

Jumapili mzee wa kanisa alizizunguka spika mara mbili, mikono nyuma. Akainama kwenye tundu, akachungulia, akaniangalia.

"Hilo ni pua," nikamwambia. "Usitie kitu."

"Ni mti gani huu?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imelainika. Nikamwambia ni wa Kongo au mbali zaidi. Akaenda kukaa.

Mama nilimwahidi kwamba akichoka tutaondoka kabla ya sadaka. Alikaa benchi la tatu, upande wa spika, mkoba mapajani, uso umefungwa. Mchungaji alihubiri juu ya wale dada wawili, mmoja aliyekaa kumsikiliza mgeni na mwingine aliyehangaika jikoni. Nilijitahidi nisimtazame mama, nikashindwa. Alikuwa amekunja uso, na nikaamini kazi yote imekwenda bure.

Tulikuwa hatujavuka hata geti la kanisa.

"Yaani amlaumu yule wa jikoni?" akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyeisikia yake mwenyewe. "Kosa lake nini? Na huyo mgeni angekula nini? Yeye mwenyewe mchungaji, saa hizi anakwenda kula mahubiri?"

Watu waligeuka. Mzee wa kanisa alikuwa hatua chache nyuma yetu na alisikia kila neno. Mama hakujali. Alishuka barabara yote akibishana, akinyoosha kidole, akinukuu mahubiri kipande kwa kipande na kukipinga kila kipande, na mimi machozi yalikuwa yananitoka kwa furaha. Nikamjibu kwa makusudi kwamba mimi naona mchungaji yuko sahihi kabisa, ili asiache.