Mfupa niliodhani ni wa kaka yangu, na jinsi wataalamu walivyojua umri wake

Wakuu, salaam kutoka Shinyanga.

Hili limetokea nyumbani kwetu, upande wa Kolandoto. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Kaka yangu Masanja alifukiwa na kifusi miaka kumi na mbili iliyopita. Walikuwa wanachekecha kokoto bondeni kutafuta almasi, shimo likaporomoka. Wenzake walitoka. Yeye hakupatikana.

Mama aligoma kuanua matanga. Bila mwili, alisema, ni kumfukuza mtoto.

Mwaka jana nikawa nachimba lambo la ng'ombe, bonde hilohilo. Kwenye kina cha kunizidi kimo, jembe likagonga mfupa. Wa paja, mzito, nusu yake imekwama ukutani.

Polisi wakaja, wakasema tusubiri mtaalamu. Mama hakusubiri. Kesho yake ndugu walishaanza kufika kutoka Chato kwa ajili ya mazishi.

Mtaalamu alikuwa dada wa jiolojia kutoka chuo kikuu. Aliutazama, akaniita pembeni.

"Huyu ni mnyama, jamii ya kiboko. Na mfupa umeshageuka jiwe. Ni wa kale mno."

Wakuu, sitaficha. Nilimjibu: "Dada, mwambie mama ni Masanja. Tuzike, yaishe."

"Mtakuwa mnalilia kiboko, kaka. Niache niongee naye."

Akamwamkia. Mama akaitikia marahaba, kisha akamuuliza, "Umejuaje si mwanangu? Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, mama. Twende nikuonyeshe."

Tukashuka lamboni. Juu ya mfupa, ukutani, kulikuwa na mstari mweupe mwembamba kama unga. Mimi nilikuwa nimeupita bila kuujali. Kumbe ni majivu ya volkano.

"Yalianguka mfupa ukiwa tayari chini," dada alisema. "Angefukiwa mtu shimoni hapa, shimo lingekuwa limeukata mstari."

Mama akaufuata kwa kidole ukuta mzima. Haukukatika popote.

Akauliza, "Sasa una miaka mingapi?"

Hapo nami nikajifunza. Mfupa wa kale hivyo wenyewe hawaupimi. Ile kaboni ya kupimia umri tunayoisikia huwa imeshaisha, haifiki mbali zaidi ya miaka elfu hamsini hivi. Wanachukua yale majivu. Ndani yake mna chembe za fuwele zenye madini ya mionzi, ambayo hugeuka kuwa kitu kingine polepole, kwa kasi isiyobadilika. Maabara wanapima kilichogeuka na kilichobaki, wanapata umri wa majivu. Kilicho chini yake ni cha zamani zaidi.

Ndugu wakarudi Chato. Dada akaondoka na sampo.

Baada ya miezi kadhaa akapiga simu, nikaweka loudspeaker. Majivu yana miaka milioni kadhaa.

Mama alisikiliza mpaka simu ikakatwa. Kisha akasema, "Nipeleke aliko."

Hakuwahi kukanyaga kwenye lile shimo tangu siku ya ajali. Majani yalikuwa yameshaliziba. Akaketi pembeni, akamwita Masanja mara tatu.

Jumamosi iliyofuata tulianua matanga palepale, bila mwili.

Nilichojifunza: mama alihitaji kuonyeshwa ukweli kama mtu mwenye akili zake timamu. Mimi, mwanaye, ndiye niliyetaka kumdanganya, na hilo bado linanisumbua.

Kama kuna aliyepoteza ndugu shimoni na hakuonekana tena, nyumbani kwenu msiba mliumalizaje? Andikeni hapa, nasoma zote.