Kamera Niliyodhani Haijawaka

Mama alizikwa Bungoma siku ileile niliyotumwa jangwani, nje ya Doha, kusimika mtambo wa kupima hali ya hewa. Ofisini sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikianza kueleza nitalia, na mimi fundi mzima sikutaka kuonekana nikilia.

Ilikuwa Januari na upepo ulikuwa wa baridi kali. Dereva alijifungia garini. Nilipomaliza kufunga kamera na kipimo cha upepo, nilimpigia Salma, Mtanzania anayepokea taarifa za mitambo ofisini.

"Mnapata?"

"Bado, kaka Wafula. Subiri kidogo."

Yeye alimaanisha kipimo cha upepo. Mimi nikaelewa kwamba mtambo mzima haujaanza kutuma chochote.

Basi nikavua kofia, nikageukia upande niliodhani ndio wa nyumbani, nikamuaga Mama kwa sauti. Niliimba wimbo wa maziko, nikasahau ubeti wa pili, nikarudia wa kwanza. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, nikazifuta kwa mkono wa jaketi la kampuni.

Simu ikaita.

"Kaka," Salma alisema polepole, "ni upepo tu ambao hatuupati. Kamera inaonyesha tangu mwanzo, na sauti inasikika. Bosi alikuwa na wageni mbele ya skrini kubwa."

Nikageuka kuitazama kamera.

"Wameona nini?"

"Yote. Mmoja aliuliza unafanya nini, nikamwambia unazika. Wakasimama wote. Mpaka sasa wamesimama, kaka."