Herufi Niliyoisugua Mara ya Pili

Nikisikia mtu anasugua mbao kwa msasa, mwanangu, nakumbuka ile Jumatatu kwenye karakana ya Highview, hapa mjini kwetu. Sikupanga kukusimulia habari hii. Lakini mama yako, dada yangu, amenipigia simu kutoka Buffalo. Anasema umegonga rafu ya mizigo kwa foklifti pale ghalani, hakuna aliyekuona, nawe umenyamaza, na siku ya tatu hii huli vizuri. Basi tulia hapo mtaani kwenu Bailey unisikilize.

Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, mvi zimeanza. Lakini hapa Louisville nilikuwa na miezi saba tu, na mtoto wa miezi saba hushika kila kitu. Nilipata kazi kwa mzee mmoja, Dale, aliyekuwa na karakana ndogo ya kutengeneza mbao za bunduki za zamani za jeshi. Mke wangu alinijia juu. “Tulikimbia bunduki kule kwetu milimani, na weye umekuja kuzitafuta huku?” Nikamwambia ni vitako tu, vya mbao, chuma hukaa kabatini. Ilikuwa kweli, ingawa wiki ya kwanza nilivishika kwa ncha za vidole.

Useremala nilifundishwa na Mjomba Elie tangu nikiwa mvulana. Yeye sasa yuko Whitehall, kule Columbus. Mjomba hakuvumilia doa kwenye mbao, akiliona alikurudishia kiti chako mbele ya watu. Kwa hiyo Jumatatu ile asubuhi Dale aliponipa kitako kimoja na kuniambia nikisafishe, sikuuliza. Yeye alimaanisha kitambaa na mafuta. Mimi kwa akili za kwetu nikachukua msasa. Ubavuni palikuwa na mikwaruzo myeusi, nikaisugua ikafifia, nikajiona fundi.

Alasiri ile Dale akanifundisha kusoma vitako. Bunduki iliyochakaa, alisema, ilirudishwa kwenye karakana ya jeshi, ikafunguliwa yote, ikawekewa vipande vya nyingine, ikakaguliwa. Ikipita, kitako kiligongwa muhuri: kisanduku, ndani yake herufi za karakana, na mwishoni herufi ya mkaguzi. Akainamisha taa pembeni ya kitako kingine nikaona. Taa ikimulika kutoka juu huoni kitu.

“Na kile nilichokupa asubuhi,” akasema, “ni cha Mama Ruth. Marehemu mama yake alikuwa mkaguzi kwenye karakana kama hizo. Anakuja Ijumaa tumwangalizie kama muhuri ni wa mama yake.”

Mwanangu, hicho ndicho nilichokisugua. Dale alipotoka nikainamisha taa. Kisanduku kilionekana kwa mbali. Herufi zilikuwepo zote, hata ya mwisho, hafifu lakini zipo. Hapo ndipo ningepaswa kumkimbilia mzee yule. Badala yake niliona jinsi sehemu niliyosugua ilivyong’aa kuliko nyingine, nikasema moyoni, Dale atajua nimesugua. Nikachukua msasa tena nikasugua ubavu mzima, nikaukazania zaidi pale mwisho, mpaka ikawa kama kitako hakijawahi kugongwa muhuri. Nilifanya kazi nzuri sana. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma.

Jumanne na Jumatano nilikuwa nikisikia jina langu nashtuka. Niliogopa kufukuzwa. Niliogopa hata polisi, kwamba mkimbizi aliyeharibu bunduki ya Mwamerika atarudishwa kambini. Ujinga, lakini hofu haikuniuliza kama ina akili. Alhamisi nilipotoka kazini nikampigia Mjomba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa, “Donc ulisugua mara mbili?”

“Mara mbili, Mjomba.”

“Ya kwanza ni kutojua. Ya pili ulifanya ju ya nini?”

Nikaanza habari ya pale palipong’aa, akanikatiza.

“Bon, sikia. Unakumbuka mbao ikigongwa na nyundo, tulifanyaka nini? Kitambaa cha maji na pasi ya makaa. Ile muhuri haikukata muti, iliukandamiza tu. Pengine itapanda.”

Nikaruka. “Basi kesho nitafika mapema, kabla ya Dale...”

“Hapana!” Sijawahi kumsikia akipaza sauti hivyo. “Unaanza kuficha tena? Kwanza ambia mwenye kazi. Kisha ndo utie maji.”

Ijumaa nilimwambia Dale nikiwa bado na koti mwilini. Uso wake ukawa mwekundu, akatupa kitambaa sakafuni, akatoka nje akakaa huko muda mrefu. Mimi nilisimama nimekumbatia pasi ya mke wangu kwenye mfuko wa plastiki. Aliporudi akasema neno moja tu: “Jaribu.”

Nililaza kitambaa chenye maji, nikaweka pasi, mvuke ukapanda. Nikarudia mara nne. Dale akainamisha taa. Zile herufi zilikuwa zinapanda, mwanangu! Zamani zilizama ndani ya mbao, sasa zilisimama juu kidogo, kisanduku na herufi za karakana. Ila pale mwisho, nilipokazania siku ile, hapakupanda kitu. Nilirudia mpaka Dale akanishika mkono.

Mama Ruth alipofika nilimwambia mwenyewe, Dale akinisaidia Kiingereza. Akapitisha kidole juu ya herufi, taratibu, mpaka pale patupu.

“Karakana ni yenyewe,” akasema. “Herufi ya Mama ilikuwa H.” Kisha akanitazama, bila hasira hata kidogo. “Wewe ndiye wa mwisho kuiona. Ilikuwa H?”

Nilitaka kusema ndiyo. Ingemfurahisha, na nani angejua? Lakini ukweli ni kwamba Jumatatu ile, chini ya taa, sikuisoma. Niliitazama kwa macho ya mtu anayetafuta namna ya kuificha.

“Sijui, Mama,” nikamwambia. “Nisamehe. Sijui.”

Akaitikia kwa kichwa, akakifunika kitako kwa shali yake, akaenda nacho. Dale hakunifukuza. Lakini yule mama mpaka leo hajui, na aliyemnyima kujua ni mimi, si kwa ule msasa wa kwanza, ila kwa ule wa pili.

Basi, mwanangu, kuharibu kutakupata popote utakapofanya kazi. Usikitengeneze kwa siri kitu ulichokiharibu, maana unaposugua ili usionekane, huondoa na kile ambacho mwenzako angekihitaji. Chini ya rafu hiyo wanapita watu. Kesho, kabla hujavaa glavu, nenda kwa msimamizi wako, umwonyeshe kwa kidole pale ulipogonga. Kisha umpigie mama yako, ule.

Mungu aliyetuvusha mpaka huku akufungulie kinywa kabla ya mikono, na kesho jioni akupe njaa ya mtu aliyekwisha kusema.