Mchekecha mchanga aliyeitikia asichokisikia

Injini ya dizeli inakohoa mara mbili, inashika, na pipa la wavu linaanza kuzunguka. Mzee mwenye kofia ya sufu anachota mchanga kwa koleo na kuumwaga kwenye mdomo wa mashine. Chini unadondoka mchanga laini wa plasta. Kokoto na mizizi vinatemwa nyuma, kwa kelele za kupasua kichwa.

Fundi aliye juu ya jukwaa anamwita. Hageuki. Fundi anaokota kijiwe, anakirusha karibu na mguu wake, ndipo mzee anainua uso na kutabasamu.

"Huyu tunamwita kwa mawe," fundi ananiambia. Hacheki.

Kazini anajulikana kwa jina la Chekeche. Alilipata kabla mashine haijaja, enzi yeye na mkewe walipochekecha kwa mikono: fremu ya mbao yenye wavu wa waya, yeye mwisho huu, mkewe mwisho ule, wakiitikisa huku na huku kutwa.

Mgongo uliuma, lakini soga zilikuwepo.

"Tumegombana pale kwenye wavu, tumepatana pale," anasema. "Mke wangu alikuwa na maneno, we acha! Msimamizi akipita anauliza, nyinyi mnachekecha mchanga au mnachekecha watu?"

Tunazungumza nyumbani kwake, Jumapili. Bintiye, aliyeolewa mji mwingine, ameketi upande wa sikio la kulia, ambalo bado lina uhai kidogo, akimrudia maswali yangu kwa sauti kubwa.

Mashine ilipoletwa, ilifanya kazi ya watu wanane. Saba walirudishwa nyumbani, mkewe akiwemo. Yeye alibakizwa kuilisha. Hakupewa kitu cha kuziba masikio, naye hakuomba, maana waliokuwa getini wakiitamani nafasi yake walikuwa wengi.

Masikio yalikufa polepole. Ilianza kupotea milio ya ndege, kisha hodi za mlangoni. Akajifunza kuficha. Mtu akisema neno, yeye anatikisa kichwa: ndiyo, sawa, haya.

"Kiziwi hawekwi karibu na mashine," anasema. "Ningejulikana, kesho yake ningekuwa nje."

Hata mkewe alimficha.

"Mama alinipigia simu analia," binti anasimulia. "Anasema, namuuliza baba yako nimekukosea nini mpaka huniongeleshi, ananijibu ndiyo."

Kisha mkewe akaugua kifua, na ile sauti iliyokuwa ikishindana na makoleo ikawa pumzi tu. Mchana mmoja, dada yake akiwa kando ya kitanda, mgonjwa alimshika mumewe mkono akamwomba jambo.

"Ndiyo, mke wangu," alimjibu. "Ndiyo."

Mama yule alifumba macho kama aliyetuliwa mzigo.

Alikuwa ameomba azikwe kwao, kando ya baba yake. Dada mtu aliondoka siku hiyohiyo kwenda kuwaandaa ndugu. Mgonjwa alipofariki, dada mtu alipata habari, akapiga simu: "Shemeji, mleteni, tunawasubiri." Mzee akaweka simu sikioni, akasema, "Sawa, shemeji."

Akamzika makaburi ya nyuma ya mtaa.

Jioni, simu iliita tena. Safari hii aliipokea binti, aliyekuwa amefika asubuhi ile.

"Mko wapi? Kaburi liko tayari, watu wamekaa tangu asubuhi."

"Mama mdogo," binti alijibu, "tumeshazika."

Upande wa pili alisikika mtu akiuliza kwa mbali kama gari limekaribia.

"Nilimpigia baba kelele nikiwa nyuma yake," binti anasema. "Namuuliza, umemfanyia mama nini? Akaendelea kukunja nguo za marehemu, hata hakugeuka. Hapo ndipo nilipotambua kuwa hasikii."

Wakwe hawajaongea naye tangu siku hiyo. Wanaamini alikwepa gharama za safari. Kaburi walilochimba lilifukiwa tupu.

Kazini siri imefichuka. Ameambiwa jengo hili likiisha, hataitwa tena. Anasema hilo halimnyimi usingizi.

"Ningemwambia tu, mke wangu, sema kwa nguvu," anasema. Binti anampangusa vumbi lililobaki kwenye nyusi.

Mwisho wa mwezi baba na binti watasafiri kwenda kwa mama mkwe. Mzee anataka kuomba ruhusa ya kumhamishia marehemu kando ya baba yake, japo hajui atajibiwa nini.

"Mwanangu alitaka atangulie akaniombee radhi. Nimekataa. Nitakaa chini mbele ya mama mkwe, nimwambie mwenyewe kwamba sikusikia. Halafu nitatazama midomo yake. Akinitukana, nataka nijue tusi lenyewe ni lipi."